Utii wa Abigaili



Kwenye mafundisho ya ndoa, fungu linalosomwa kuliko mengine ni Waefeso 5:22, lile linalowaambia wake wawatii waume zao. Aya ya 21, inayowaagiza waamini wote wanyenyekeane wao kwa wao, hurukwa. Maagizo kwa waume, yanayoanzia aya ya 25 na ambayo ni marefu zaidi, huguswa kidogo tu, tena kwa kicheko. Basi binti huingia nyumbani kwake akidhani kwamba utii ni kufumba mdomo.

Hebu tufungue 1 Samweli sura ya 25 tumtazame Abigaili. Mumewe, Nabali, alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, lakini mtu mgumu, tena mchoyo. Watu wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake huko nyikani. Wakati wa kuwakata kondoo manyoya, ambao ulikuwa wakati wa karamu, Daudi alituma vijana kuomba chakula kwa adabu, wakarudishwa kwa matusi. Akajifunga upanga, akaondoka na watu 400, akiapa kwamba hadi asubuhi hatamwachia Nabali mwanamume hata mmoja.

Aliyempelekea Abigaili habari ni mtumishi, akieleza kwamba bwana wao hasemezeki. (Nyumba ambayo baba hasemezeki, kila jambo hupitia kwa mama. Wengi tunaijua.) Mama huyu hakuketi kulia. Alipakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akaenda. Mumewe hakumwambia.

Alipomwona Daudi aliinama mpaka nchi, akaomba kosa liwe juu yake, ingawa vijana wale hakuwaona hata kwa macho. Hiyo ni sadaka kweli. Lakini akiwa chini pale hakuficha upumbavu wa mumewe, wala hakumsifu Daudi kwa upanga wake. Alimweleza kwamba siku atakapokuwa mtawala, damu iliyomwagwa bure itamsumbua moyoni. Daudi alimsikiliza, akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Aliporudi alimkuta Nabali amelewa sana. Hakusema neno hadi asubuhi. Mama anayeishi na mlevi hahitaji kuelezwa sababu! Divai ilipomtoka, alimweleza yote.

Wengine watasema Abigaili alimvunjia mumewe heshima. Sioni hivyo. Nabali aliyekuwa akinywa usiku ule alikuwa hai kwa sababu mkewe alitoka, na watumishi wote pamoja naye.

Bwana Yesu alisema wazi katika Yohana 10:18 kwamba uhai wake anautoa mwenyewe, hakuna anayemnyang'anya. Mama anayeuza kitenge chake kipya ili mtoto apate ada ametoa sadaka. Mama anayemuuguza mkwe wake miezi na miezi, naye ametoa. Lakini mama anayefunika jicho lililovimba kwa mtandio akienda ibadani, huku akiambiwa avumilie kwani ndio msalaba wake, huyo amenyang'anywa. Hakuna anayeokolewa kwa kipigo kile, na watoto wanatazama.

Dada, kama ndivyo ilivyo kwako, usilibebe peke yako. Mwendee mshenga wenu, au mama mchungaji, au mzee wa kanisa mwenye kutunza siri. Ukiona maisha yako yamo hatarini, usingoje kikao. Ondoka na watoto kwanza. Hapa Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kueleza habari zako faraghani. Ukipata nafasi, mwombe mama mwenzako wa jumuiya akusindikize.