Nani Anapunguza Miaka ya Watoto Hawa?

UPEPO WA ZIWA
Na Hamisi Ndayizeye

Aprili 2018 Burundi ilipokea mashindano ya CECAFA ya vijana walio chini ya miaka 17. Zanzibar waliondolewa mashindanoni kwa kuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya 2002, mwaka uliowekwa kuwa mpaka. Serengeti Boys wa Tanzania Bara wakaifunga Somalia 2-0 kwenye fainali, kombe likaondoka, na mazungumzo yakaondoka nalo. Mimi nimebaki na wale vijana waliofungashwa virago, kwa sababu swali walilotuachia linatuhusu hata sisi wa Rumonge, huku kando ya ziwa. Mtu anadanganya mchezoni ili apate nini?

Nenda Kizuka, hapa hapa Rumonge, siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi imelala kwa kuwa ndagala hawafuati taa penye mwanga wa mwezi. Wavuvi wamezunguka bao. Kuiba kwenye bao ni rahisi: mkono ukiwa mwepesi, kete mbili zinaanguka shimo moja, au shimo linarukwa ili mtaji uishie pazuri. Na wapo wanaojaribu. Lakini wamezungukwa na watazamaji ambao wamekwisha kuhesabu kabla kete hazijafika, na mmoja akisema "Rudisha!" mkono unarudi. Hakuna kamati wala faini. Kinachogombewa pale ni kuitwa fundi, na cheo hicho kinatolewa na walewale wanaotazama. Ushindi wa wizi haununui chochote kwao. Wakihamia kwenye karata za pesa, mambo yanageuka: wenza wanaanza kupeana ishara kwa jicho, na usiku unaisha kwa ugomvi. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba tunu imetoka nje ya mchezo, nayo pesa haiulizi ilipatikanaje.

Mpira wa vijana umefika huko. Tunu yake iko mbali sana na uwanja: wakala, mkataba, tiketi ya ndege. Kijana wa miaka 20 mwenye kipaji ni mmoja kati ya maelfu. Kipaji hichohicho kikiandikwa miaka 16 kinapigiwa simu. Kwa hiyo mkono mwepesi haupo tena kwenye mguu wa mchezaji. Upo kwenye kalamu ya mtu mzima aliyekaa ofisini.

Tanzania walilijua hilo mwaka mmoja kabla ya kombe la hapa kwetu. Walitolewa na Kongo-Brazzaville katika kuwania fainali za Afrika za vijana, wakakata rufaa wakisema mchezaji mmoja wa wapinzani amepita umri. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikataka apimwe kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku, kipimo ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana kule Nigeria mwaka 2009. Kipimo hiki kinaangalia mfupa wa mkono karibu na kiganja: kwa anayekua, sehemu ya kukulia bado iko wazi; ikiwa imeziba kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa hajatimiza miaka 17. Kongo hawakumpeleka mchezaji. Wakaondolewa, na Mei 2017 Tanzania ikacheza Gabon.

Mashine imesaidia, na ninaishukuru. Ila inakuja mwishoni kabisa, na kwenye mashindano makubwa tu. Madhara yanakuwa yamekwisha kutendeka huku chini. Mtoto wa miaka 15 wa kweli, mwembamba bado, amekaa benchi msimu mzima akimtazama mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi akicheza nafasi yake. Anaambiwa hana nguvu. Anaamini. Anaacha mpira, anaingia ziwani au kwenye mawese, na hakuna atakayejua tulimpoteza nani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kombe lolote. Na yule aliyepunguziwa miaka naye hakupona: amefundishwa kutaja tarehe ya uongo mbele ya mama yake mzazi, na siku ukweli ukitoka, adhabu inabeba jina lake yeye. Aliyeshika kalamu haonekani.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lina uzito. Rumonge ni nchi ya watu waliokimbia mwaka 1972 na tena miaka ya tisini. Wapo waliozaliwa kambini Tanzania, karatasi zikapotea njiani, wakaandikiwa Januari mosi kwa sababu karani alitaka tarehe. Huyo hajadanganya, na nisingependa kumwona anafukuzwa uwanjani kama mwizi. Udanganyifu unaanza pale tarehe inapochaguliwa kwa kuangalia kalenda ya mashindano.

Jibu la pili, kwamba "hata wengine wanafanya hivyo", ndilo chanzo kikubwa kuliko tamaa yenyewe. Kocha mwaminifu akishaamini kwamba kila timu ina wazee wawili watatu, uaminifu wake anauona ni kuwaonea vijana wake. Hapo wote wanaiba, na kila mmoja anaapa kwamba anajilinda tu.

Dawa yake tunayo, nayo haihitaji mashine. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika jina la mtoto kabla hajajulikana kuwa na mguu mzuri. Daftari lile halikuwa na sababu ya kusema uongo. Klabu ziandikishe watoto kwa kulinganisha cheti na daftari la shule, wakiwa bado na miaka 10 au 11, na orodha ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya komine, jina na mwaka, wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Wamama wa sokoni wanajua nani alizaliwa mwaka mmoja na mtoto wao. Waachiwe nafasi ya kusoma na kusema, na viongozi wa ligi walazimike kuwajibu kabla filimbi haijapigwa.