Bei ya Vivian

Ni rahisi kuibeza Pretty Woman (1990), filamu ya Garry Marshall, kuwa ngano tu ya maskini aliyeopolewa na tajiri. Edward anamkodi Vivian, kahaba wa Hollywood, kwa dola 3,000 awe mwandani wake kwa juma moja. Mkataba unazaa mapenzi. Uzito wa filamu, hata hivyo, umo dukani. Wauzaji wa Rodeo Drive wanamfukuza Vivian kwa sababu ya mavazi yake, ilhali fedha anazo. Anaporudi kavaa nguo za thamani, mifuko tele mikononi, anawakumbusha ujira uliowaponyoka. Watazamaji hucheka, na ni haki yao. Lakini kimebadilika nini isipokuwa vazi?

Mswada wa awali wa J.F. Lawton, ulioitwa 3000, haukuwa na kicheko: mwishoni mwanamke anatupwa nje ya gari. Je, mwisho mpya ni uongo mtupu? La. Edward anapoahidi kumpangia nyumba na kumpa gari, Vivian anakataa, akijua kwamba hiyo ni bei nyingine tu, kisha anaondoka. Maua ya Edward yanakuja baada ya hapo.