Homa ya dengue: homa ikikata, msikimbilie boti

Mzazi wa Kagunga au Mwamgongo akimleta mtoto hospitali mjini, hushukia Kibirizi, na kila siku anayokaa mjini ni gharama. Homa ikikata tu, anawaza kuwahi boti ya kurudi. Kwa homa ya dengue, hiyo ndiyo siku ya kuogopa.

Dengue, au kidingapopo, tumezoea kuisikia Dar es Salaam na Tanga, hasa mwaka 2019 wagonjwa walipopita 4,000. Lakini reli ya kati inaishia hapa Kigoma, na mwenye virusi hushuka treni kama abiria yeyote. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Sasa tuitazame karatasi ya maabara. Mstari wa PLT ni chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Kawaida husoma kati ya 150 na 450, yaani maelfu. Kwa dengue huanza kushuka siku ya tatu au ya nne, na mara nyingi hufika chini kabisa wakati homa yenyewe inaondoka. Jana karatasi ilisema 95, leo 60, na mtoto amepoa mwili. Mzazi aamini kipi?

Aamini vyote. Katika saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka, mishipa midogo inaweza kuvujisha majimaji ya damu, na hapo ndipo tunapopoteza watoto. Ndiyo maana daktari hutazama pia HCT: ikipanda huku chembe sahani zikishuka, damu inakuwa nzito. Wazazi wengi hulalamika mtoto hakuongezewa chembe sahani. Kama hatoki damu, kwa kawaida hahitaji. Anahitaji maji kwa kipimo.

Kuliko namba, mtazameni mtoto mwenyewe. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, mikono na miguu ya baridi, kulegea, kutokojoa: dalili moja tu kati ya hizi inatosha kumrudisha wodini, hata usiku. Homa ipozwe kwa panadol kwa kipimo cha mtoto. Asipirini, diklofenaki na ibuprofeni zisiguswe, maana huongeza hatari ya kutoka damu.

Tuongeze jambo la kwetu hapa: malaria nayo hushusha chembe sahani. PLT ndogo peke yake haisemi ni dengue, na malaria ikionekana haimaanishi dengue haipo. Ombeni vipimo vyote viwili pale vinapopatikana.

Akianza kupona, chembe hupanda zenyewe, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu. Ngozi inaweza kuwasha, na hamu ya kula hurudi. Akidai ugali na dagaa, sisi tunafurahi kuliko kuona karatasi. Kabla ya kuondoka mwulizeni daktari: chembe zimeanza kupanda? Zimepita saa 48 bila homa na bila panadol? Anakojoa vizuri? Akijibu ndiyo kwa yote, nendeni Kibirizi mkapande boti.