Ghorofa Zinapanda, Mifereji Inakauka



Kila uchaguzi unapokaribia, muujiza hutokea katika mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi. Bauza la maji, ambalo halikuonekana kwa miaka minne, huingia likipiga honi, ubavuni limebandikwa picha ya mheshimiwa anayetabasamu. Akina mama hukimbia na mitungi, vijana husukumana, na mheshimiwa hushangiliwa kwa kutugawia kitu ambacho Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, ilikwisha kutangaza kuwa ni haki ya kila mtu: maji safi na salama, ya kutosha. Mimi nagombea kiti cha Mwakilishi Wadi katika uchaguzi wa Agosti 2027. Natangaza mapema, ili asiwepo wa kunilaumu baadaye, kwamba sitaleta bauza. Anayekupa kwa hisani kile ambacho ni chako kwa haki, ameanza kwa kukunyang'anya.

Wakubwa wanatuambia kwamba maji hayatoshi kwa kuwa watu wamezidi. Ni kweli tumeongezeka. Sensa ya 1999 ilihesabu wakazi 2,143,254 katika Nairobi. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Katika miaka ishirini jiji limekuwa mara mbili na zaidi. Lakini je, watu hao waliingia usiku kama wezi? Hawakuonekana? Mkoloni aliliandikia jiji hili mpango mwaka 1948, akitenga mitaa kwa rangi ya ngozi. Serikali huru ikaandika mkakati wake mwaka 1973, ukitazama hadi mwaka 2000. Mwaka 2014 ukaja mpango mwingine, wa kutufikisha 2030. Jiji lililopimwa, likahesabiwa na kuchorwa mara tatu haliwezi kudai kwamba lilishtukizwa. Na kila jengo linalosimama leo kwanza lilikuwa karatasi juu ya meza ya afisa fulani, naye akatia sahihi; au lilisimama bila karatasi, afisa huyo akitazama kando kwa sababu anazozijua yeye na mfuko wake.

Nendeni Pipeline, huko Embakasi, mkajionee. Majumba ya ghorofa saba na nane yamebanana hata jua halifiki chini, kila sakafu imegawanywa vyumba, kila chumba kina familia. Mtaa wenyewe umepewa jina la bomba, ila bomba hilo ni la mafuta. Mpangaji wa ghorofa ya saba hupanda ngazi akiwa na mtungi wa lita 20 mkononi, mara nne au tano kwa siku, na mwisho wa mwezi kodi yake haipunguzwi hata senti moja. Upande wa pili wa jiji, Kilimani na Kileleshwa, nyumba zilizokuwa na bustani zimebomolewa na mahali pake pakapanda minara. Wenye minara hiyo nao wamekosa maji ya mfereji, lakini wao huchimba visima virefu ardhini au huagiza malori. Wanachota maji ya chini ya ardhi ambayo ni yetu sote, na kina chake kinazidi kushuka mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo si maskini peke yake aliyetelekezwa. Tofauti ni kwamba tajiri hununua njia ya kuukwepa uzembe wa serikali, na maskini huulipia.

Naye huulipia kwa bei ghali. Tupige hesabu pamoja, maana hesabu haina chama. Mita moja ya ujazo ya maji ni mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa shilingi 10, mita hiyo inamgharimu mnunuzi shilingi 500. Siku za kiangazi, ukipanda hadi shilingi 20, ni 1,000. Mwenye mita nyumbani, katika mtaa wa kitajiri, hutozwa kwa kiasi hicho hicho bei rasmi isiyofika hata nusu ya zile 500. Yule anayefua nguo za watu kwa kibarua hulipia maji kuliko yule anayefuliwa! Hii ndiyo kodi kubwa kuliko zote katika jiji hili, wala haikupitishwa na Bunge lolote.

Kijana wa mkokoteni si adui yangu, na asije mtu akamchochea dhidi yangu. Yeye anatafuta riziki kwa jasho. Maneno yangu yanawahusu walio nyuma yake: wale wanaokata bomba la umma usiku na kuunganisha lao, na wale wenye funguo za valvu wanaojua ni siku gani mtaa upi utakauka ili biashara ya nani inawiri. Uhaba una wanahisa wake. Mtu anayepata faida kutokana na kiu yako hatakuwa wa kwanza kukuletea mfereji, na kama ana rafiki katika ofisi za jiji, hata wa mwisho hatakuwa.

Sasa watasema: tumejenga mabwawa, tumechimba handaki. Ndiyo. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Kisha likachimbwa handaki la karibu kilomita 12 huko Murang'a, la kukusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Kabla ya handaki hilo, mitambo ya Nairobi ilikuwa na uwezo wa kutoa takriban mita za ujazo 525,000 kwa siku, ilhali mahitaji yalipita 800,000. Sipingi kazi hiyo. Lakini ripoti za Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji zimeeleza mwaka baada ya mwaka kwamba karibu nusu ya maji yanayoingia katika mabomba ya Nairobi hayalipiwi: yanavuja, yanaibwa, au yanatumiwa na wasioandikiwa bili. Nusu! Basi bwawa kubwa tunalolihitaji limefukiwa chini ya barabara zetu wenyewe. Tunawaendea ndugu zetu wa Murang'a, ambao wengi wao wanaishi kando ya mito hiyo bila mfereji nyumbani, tunawaambia watupe zaidi, kisha tunayamwaga njiani. Kwa uso gani? Kabla ya kuomba mto mwingine, jiji hili lizibe matundu yake.

Sababu ya hayo yote kuendelea ni ya kisiasa, na wazee wetu wa mageuzi waliijua. Mwaka 1983 baraza la jiji lililochaguliwa na wananchi lilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji iliyoteuliwa na serikali ya chama kimoja. Kwa takriban miaka tisa Nairobi ikatawaliwa na watu ambao hawakuomba kura ya mtu yeyote, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 uliporudisha madiwani. Katika miaka hiyo na ile iliyofuata, viwanja vya umma viligawanywa kama nyama ya karamu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 imeyaweka mambo hayo wazi kwa maandishi. Ardhi iliyonyakuliwa ilikuwa ndiyo ya kupitishia mabomba, ya kujengea matangi, ya kuachia mito nafasi. Tukadhani tumejifunza. Lakini Februari 2020 majukumu makuu ya kaunti, ikiwemo mipango ya jiji, yalihamishiwa tena serikali kuu, na shirika lililoongozwa na jenerali wa jeshi likaendesha jiji hadi mwaka 2022. Haki itendeke: shirika hilo lilichimba visima katika mitaa ya mabanda, na watu wetu walikunywa. Lakini aliyechimba akishaondoka, pampu ikiharibika, mwananchi amwite nani? Kisima kisicho na mwenye kuwajibika kwa kura ni bauza lililosimama mahali pamoja.

Na itazameni heshima tunayopewa. Tarehe 4 Mei 2020, wakati wa kafyu ya korona na mvua ikinyesha, matingatinga yaliingia Kariobangi yakabomoa nyumba za maelfu ya watu, ijapokuwa palikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia. Sababu iliyotolewa ni kwamba ardhi hiyo ni ya mitambo ya maji taka. Wakazi walisema wana karatasi kutoka baraza la jiji la zamani. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, wakazi wa kingo za mito ya Mathare na Mukuru waliamriwa kuondoka, na vibanda vyao vikavunjwa. Nakubali kwamba mto unahitaji nafasi yake, na maji taka yanahitaji ardhi. Ninalolikataa ni sheria inayokumbukwa pale tu ukuta unapokuwa wa mabati. Kuta za mawe zilizosimama kwenye kingo za mito hiyo hiyo zilingojewa na barua, mawakili na subira.

Wanaodhani haya ni matatizo ya mabanda wakumbuke mwaka 2017, kipindupindu kilipowapata hata wajumbe wa kongamano la afya waliokuwa katika hoteli ya kifahari. Chakula cha hoteli hupikwa na mtu anayelala mahali fulani, na kunawa kwa maji fulani.

Nitafanya nini basi? Sitawadanganya. Mwakilishi Wadi hatoi vibali vya ujenzi wala hashiki funguo za valvu. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na mipango ya jiji, na kuwaita watendaji waje wajieleze. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za maji na maji taka mikononi mwa kaunti, kwa hiyo anayeketi katika Bunge la Kaunti miaka mitano bila kuuliza habari za maji amekula mshahara wa bure.

Nitapeleka mswada wa kuzuia jengo lolote la wapangaji wengi kupewa hati ya kukaliwa kabla ya kampuni ya maji kuthibitisha kwa maandishi kwamba bomba la maji na la maji taka katika barabara hiyo vinaweza kuwabeba wakazi wapya. Thibitisho hilo libandikwe mlangoni, mpangaji alisome kabla ya kutoa amana yake. Nitadai orodha ya vibali vyote vinavyotolewa katika wadi yetu itangazwe kila mwezi, pamoja na jina la afisa aliyetia sahihi. Nitadai ratiba ya mgao ifuatwe, na pale isipofuatwa mhusika aje mbele ya kamati aseme maji ya Jumanne yalikwenda wapi. Fedha za wadi ziende kwanza kwenye mabomba ya kufikia vioski vinavyosimamiwa na wakazi wenyewe, kwa bei iliyoandikwa ukutani.

Wenye majumba wamekwisha kunitumia ujumbe kwamba sheria kama hiyo itapandisha kodi. Mpangaji wa Pipeline anayenunua mitungi mitano kila siku kwa shilingi 10 hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi juu ya kodi yake, tena kwa maji asiyojua yalikotoka. Kodi imepanda zamani. Haijaandikwa kwenye risiti tu. Na kama jengo haliwezi kuleta faida ila kwa kuwanyima maji waliomo, basi hiyo siyo biashara ya nyumba.

Mwaka 1988 Wakenya walilazimishwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea, na hata mlolongo mrefu ukatangazwa kuwa ndio mfupi. Watu walipigwa na kufungwa ili tupate kura ya siri na vyama vingi. Leo mlolongo upo bado, umehamia kwenye mfereji, na wanaoupanga ni wake zetu, dada zetu na mabinti wanaochelewa shule. Wapinzani wangu wanayo haki ya kuomba kura zenu kama mimi. Wanapokuja, waulizeni maswali haya mbele ya watu: Je, una jengo la kupangisha katika wadi hii, na wapangaji wake wanapata maji siku ngapi kwa wiki? Je, wewe, jamaa yako au mshirika wako anamiliki malori ya maji au kioski? Na kama uliwahi kuketi katika Bunge la Kaunti, ni lini ulisimama kuuliza habari za maji yanayopotea? Mimi nitajibu kwanza: sina jengo, sina lori, sina kioski. Rejista zipo, na yeyote anayeshuku aende akazikague.