Bolti haikazi? Usifunge nailoni

Vijana wa Kasulu na Kibondo mnaochonga mizinga ya nyuki ya kuuza, leo tuongee randa ya umeme. Bolti inazunguka tu, haikazi, maana nyuzi zimelika. Wengi wanafunga nailoni au kupaka gundi ili oda iishe. Mimi siungi mkono.

Bodi ya mashine nyingi ni alumini, bolti ni chuma. Ukikaza kwa nguvu, alumini ndiyo inaliwa. Dawa ni kuchonga nyuzi upya. Kama bolti ni ya milimita 6 na pale pana unene wa kutosha, fundi atoboe kwa biti ya 6.8, achonge nyuzi za bolti ya 8, iingie ndani angalau milimita 12. Fundi akikosekana, waulizeni SIDO Kigoma.

Ila bolti za kushika kisu msijaribu kabisa! Kile kisu kinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Hapo nunua kifaa kipya, hata kama oda itachelewa. Mteja atasubiri, kidole hakioti tena.

Maswali leteni, tujadili.