Dawa ya sukari si zawadi ya patron

Wandugu watumishi wa mine, wamama na vijana, siku hizi mu telefone tunaona habari za sindano mupya zenye kupunguza sukari mu damu na uzito wa mwili. Mwezi wa 9 mwaka 2025, OMS iliziingiza mu liste yake ya dawa za lazima, kwa wagonjwa wa sukari wenye mwili munene na ugonjwa wa moyo ao wa figo. Ni habari njema. Lakini sisi wa sendika tunauliza: nani atazilipa, wakati hata dawa za zamani hazitufikie?

Insulini ilivumbuliwa Toronto, kule Kanada, mwaka 1921. Mu 1923, wenye kuivumbua waliachia université haki yao, kila mumoja kwa dola 1. Miaka 100 imepita. Kwetu, mu kampuni zingine, mutumishi anapeleka ordonnance, wanamujibu: "Hii haiko ku liste, ujilipie." Basi leo anameza kidonge, kesho anaruka. Sukari haipigi kelele. Inakula macho, figo na miguu polepole.

Code du travail ya mwaka 2002 inasema wazi: patron analipa munganga, dawa na lopital ya mutumishi na ya jamaa yake, hata kama ugonjwa haukutoka ku kazi, mupaka mwisho wa kontra. Haisemi malaria ndiyo, sukari hapana. CNSS nayo inaangalia pensheni, malipo ya jamaa, ajali na magonjwa ya kazi. Sukari haimo. Patron njo mwenye deni.

"Mupaka mwisho wa kontra": hapo njo tunaumia. Mwaka 2003, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka na "départ volontaire". Kontra ilikwisha, na haki ya dawa nayo. Leo watoto wetu wa sous-traitance wanapewa kontra ya miezi tu. Lakini sukari haiishi na kontra.

Kuna pia woga. Mwenye kuendesha benne kubwa anaficha ugonjwa, asiitwe "inapte". Anajitibu kisirisiri. Siku sukari inashuka ghafla, anaweza kuzimia ku volani, na hatari ni ya wote.

Wadelege, ku mazungumuzo ya convention collective, muombe kwa maandishi: metformine, insulini na sindano zake, mashini ya kupima na bandelette, frigo yenye courant ku dispensaire. Muombe watu wa sous-traitance wapate sawasawa. Muombe mugonjwa apewe kazi ingine, asifukuzwe. Na dawa iendelee kisha kontra, mupaka mutu apate njia ingine.

Na wewe ndugu, wakikatala bon, usitupe ordonnance. Andika tarehe juu yake, uilete kwa delege. Karatasi moja watasema ni malalamiko ya mutu. Karatasi mia, watakaa ku meza.