FUNDI WA NYUMBANI: Amplifaya inavuma? Sikiliza kwanza, usikimbilie kununua

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tunaletewa karibu kila wiki: "Nimeunga amplifaya yangu mwenyewe, inapiga vizuri, lakini inavuma uuuuu hata kama hakuna wimbo. Nifanye nini?" Wengine hawakuunga, walinunua iliyotumika, lakini kilio ni kile kile.

Tunaandika kwa urefu kidogo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Bei ya transfoma mpya ni sabuni na madaftari ya watoto, na mara nyingi transfoma ya zamani haina kosa lolote. Ya pili ni uhai. Kuna dawa moja ya mvumo inayopita kutoka kwa fundi hadi fundi. Inanyamazisha kweli, lakini inaweza kuua mtu. Tutaisema mbele, msiache kusoma mpaka hapo.

Amplifaya ndogo ya nyumbani

Kwanza tuone imeungwa vipi, maana ukijua njia ya umeme utajua mvumo umeingilia wapi. Hii ni ya spika moja. Ukitaka mbili, unga aisi mbili, na transfoma iwe ya ampia 3. Vifaa ni hivi:

- transfoma ya 230V inayotoa 12-0-12, ampia 2
- dayodi 4 za ampia 3 (1N5401), na ndogo 2 (1N4001)
- kapasita kubwa 2 za mikrofaradi 4700, volti 35
- aisi moja ya TDA2030A na bati nene la aluminiamu la kuipooza
- rezista: 22k mbili, ohm 680 moja, ohm 1 moja
- kapasita ndogo: mikrofaradi 1, mikrofaradi 22, nanofaradi 100 mbili, nanofaradi 220 moja
- kidhibiti sauti cha 10k, swichi, fyuzi ya nusu ampia ya aina inayochelewa kukatika

Angalieni ile herufi A ya mwisho. Transfoma ya volti 12, ukishapitisha umeme kwenye dayodi na kapasita, inakupa volti 16 au 17 kila upande, na ikiwa haina mzigo inapanda zaidi. TDA2030 ya kawaida mwisho wake ni volti 18 kila upande, lakini yenye A inavumilia hadi 22. Hapo ndipo vijana wengi wanaunguza aisi siku ya kwanza halafu wanasema wamerogwa.

Shika aisi maandishi yakikuangalia, miguu chini, hesabu kutoka kushoto. Mguu wa 1 unapokea sauti kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na una rezista ya 22k kwenda graundi. Wa 2 ni wa marejeo: 22k inatoka mguu wa 4 kuja hapa, na kutoka hapa ohm 680 pamoja na mikrofaradi 22 vinashuka graundi. Wa 3 ni umeme hasi. Wa 4 unakwenda kwenye spika, na kutoka hapo ohm 1 na nanofaradi 220, zikifuatana, zinashuka graundi. Wa 5 ni umeme chanya. Nanofaradi 100 moja iwe kati ya mguu wa 5 na graundi, nyingine kati ya mguu wa 3 na graundi, karibu kabisa na miguu. Zile dayodi ndogo ni za ulinzi: moja toka 4 kwenda 5, mstari wake ukiwa upande wa 5, nyingine toka 3 kwenda 4, mstari ukiwa upande wa 4.

Jambo moja linasahaulika sana: mgongo wa chuma wa hiyo aisi umeungana na mguu wa 3, yaani una umeme hasi. Bati la kupooza likigusa boksi la chuma lenye graundi, ni shoti. Weka kipande cha maika katikati na bushi ya plastiki kwenye skrubu.

Ukimaliza, usichomeke moja kwa moja. Unga balbu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60, ipitie kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye transfoma. Balbu ikimulika kidogo halafu ikafifia, salama. Ikibaki kuwaka sana, kuna shoti, chomoa. Kisha, kabla ya kufunga spika, pima kwa testa volti za DC zinazotoka mguu wa 4. Ziwe karibu na sifuri. Ukiona volti kadhaa, tafuta kosa kwanza, la sivyo spika itaungua.

Amplifaya hii inatoa wati 10 hadi 15 za kweli. Msicheke. Chumba kinatosha, hata uani panatosha. Zile "wati 1000" zilizobandikwa kwenye maboksi ya dukani ni za kwenye karatasi tu.

Mvumo ni wa aina mbili

Sasa tuje kwenye kilio chenyewe. Zima amplifaya, fungua waya za spika, washa tena, halafu weka sikio karibu na boksi bila kuligusa. Kama bado inavuma, anayelia ni transfoma mwenyewe, chuma chake. Kama boksi limenyamaza, na mvumo unasikika tu spika ikiwepo, basi kosa liko kwenye njia ya umeme au ya sauti. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Tuliletewa vyombo na kikundi kimoja cha akina mama wanaokodisha kwenye harusi na matanga. Walikuwa wamelipa fundi mmoja abadilishe transfoma, lakini mvumo ukabaki vile vile. Tulipofungua tukakuta kapasita mbili kubwa zimevimba kichwani kama mandazi. Tulibadilisha hizo mbili tu, kimya kikarudi. Ile transfoma ya kwanza haikuwa na kosa, na pesa ilikuwa imekwisha kwenda.

Chuma kikiimba

Umeme wa ukutani huku kwetu, Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya au Uganda, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kila ukipanda upande mmoja au mwingine, chuma cha transfoma kinajinyoosha kidogo sana, jicho halioni. Ni mara 100 kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti unayosikia. Kwa hiyo kila transfoma inaimba kidogo. Ikiwa unaisikia tu ukiinama, iache ilivyo. Ikisikika chumba kizima, angalia haya:

Kwanza, bati zake zimelegea. Chomoa plagi, subiri, kisha kaza bolti zake taratibu. Bado inalia? Ipashe joto juani, uimwagie vanishi ya umeme katikati ya bati, uiache ikauke kabisa siku kadhaa. Chini yake weka raba iliyokatwa kwenye kandambili au tairi, ili boksi lisiwe ngoma yake. Kama transfoma yako ni ya mviringo kama andazi la tundu, bolti yake ya katikati isiguse chuma cha boksi juu na chini kwa pamoja. Ikigusa, inakuwa kama mzunguko mmoja wa waya uliopigwa shoti, na transfoma itaungua.

Pili, volti zimezidi. Wengi wetu tulikuja na vyombo vilivyoandikwa 220V. Ukivichomeka kwenye jenereta inayotoa 240 au zaidi, chuma kinashiba umeme, kinalia na kupata moto. Jenereta inayozunguka polepole inaleta shida hiyo hiyo. Pima kabla ya kulaumu transfoma.

Tatu, inveta. Zile za bei ndogo hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi ngazi lenye kona kali. Transfoma inalia hata kama ni mpya kabisa. Hapo hata ukinunua transfoma kumi, mambo ni yale yale. Kosa ni la inveta.

Nne, mzigo ni mkubwa. Kama huwezi kuishika kwa mkono (ukiwa umechomoa plagi!) kwa sababu ya joto, hiyo transfoma ni ndogo kwa kazi yako, au kuna shoti mbele.

Mvumo ukitoka kwenye spika

Punguza sauti mpaka sifuri. Mvumo ukiondoka, unaingia na sauti: waya wa kutoka kwenye simu au redio. Tumia waya wenye wavu wa shaba nje, na wavu huo uungwe graundi. Angalia kama haujakatika kwenye jeki, maana huko ndiko unakatikia. Kama simu iko kwenye chaja, ichomoe chaja usikilize tena. Mara nyingi mchawi ni huyo.

Mvumo ukibaki hata sauti ikiwa sifuri, angalia umeme. Kapasita kubwa zinakauka kwa joto na miaka, na zilizotolewa kwenye vyombo vya zamani zinaweza kuwa zimekwisha hata kama hazijavimba. Pima pia dayodi zote nne. Ikifa moja, mvumo unakuwa mzito zaidi, wa chini.

Kama vyote ni vizima, basi ni mpangilio wa graundi. Hapa ndipo fundi anajulikana. Waya wa 0 wa transfoma ufike kwanza pale kapasita mbili kubwa zinapoungana. Kutoka hapo toa waya mmoja mpaka sehemu moja tu, tunaiita nyota, na graundi zote zikutane hapo: ya spika kwa waya wake, ya sauti inayoingia kwa waya wake, ya rezista ndogo kwa waya wake. Ukizifunga popote unapoona chuma, umeme wa spika unapita kwenye njia ya sauti, na amplifaya inajisikia yenyewe.

Mwisho, sokota pamoja waya za transfoma, ziweke mbali na waya wa sauti. Halafu, kwa kuzima na kuwasha, igeuze transfoma kidogo kidogo. Kuna upande mmoja mvumo unapungua sana. Ifunge hapo.

Ile dawa mbaya

Sasa lile tuliloahidi. Amplifaya ikiunganishwa na chombo kingine chenye plagi yake, na vyote viwili vina waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, pengine mvumo unaanza. Kuna mafundi wanaokata ethi ya amplifaya, mvumo unakoma, wanapokea pesa na kwenda.

Ndugu zetu, msikubali. Waya ule hauna kazi nyingine ila kuokoa maisha. Siku waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa boksi, ethi inaupeleka umeme chini na fyuzi inakatika. Ethi ikiwa imekatwa, boksi linabaki na volti 230 kimya kimya, likingoja mkono. Mtoto anatoka kuoga, peku, sakafu ya udongo ina maji, anataka kuongeza sauti ya wimbo. Hatuna haja ya kumalizia.

Dawa nzuri zipo na ni rahisi. Chomeka vyombo vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Fupisha waya wa sauti. Piga muziki kwa simu au kompyuta inayotumia betri yake. Ikishindikana, zipo transfoma ndogo za sauti za kuwekwa kati ya vyombo viwili.

Kama soketi yako haina ethi kabisa, usijenge kwenye boksi la chuma. Jenga kwenye mbao kavu, na upande wote wa 230V ufunikwe, kidole kisifike. Pima transfoma kwa testa: upande wa kuingia usiwe na mawasiliano yoyote na upande wa kutoka, wala na chuma chake. Na fyuzi ikikatika, weka fyuzi. Karatasi ya sigara si fyuzi, na nyumba zetu za turubai na nyasi hazingoji moto mara mbili.

Wenye sola

Kama una paneli na betri ya volti 12, huna haja ya inveta wala transfoma. Unga aisi ya TDA2003, ile ya redio za gari. Inatumia volti 12 za betri moja kwa moja na kutoa wati 4 hadi 6 kwenye spika ya ohm 4. Hakuna 230V ndani ya nyumba, na hakuna chuma cha kuimba. Ila weka fyuzi karibu na kichwa chanya cha betri, maana betri ikipigwa shoti inachoma waya mara moja.

Wazazi, mkiona kijana ameshika solda, msimfukuze. Mwambieni aunge za betri kwanza. Upande wa 230V aufanye akiwa na mtu mzima anayejua, asiwe peke yake.

Mwezi ujao tutaongea juu ya redio zinazoshika stesheni moja na kukataa nyingine. Leteni maswali yenu kama kawaida. Mpaka hapo, kaeni salama, na ethi iachwe mahali pake.